Waliopumzika

Pale Ghalani neno "kufa" lilikuwa mwiko. Usicheke. Watu wenye shahada zao, wenye kadi za kufungulia milango ya chuma, walilikwepa neno hilo kama mkwe anavyomkwepa mkwe. Mgonjwa akifariki Iringa au Songea, kwenye kumbukumbu za Ghala aliandikwa "amepumzika", na pacha wake wa kompyuta akaachwa aendelee na kazi mpaka arobaini ya marehemu ipite. Mkurugenzi wa kwanza ndiye aliyeweka utaratibu huo, baada ya familia moja kuja na jeneza mpaka getini ikidai kwamba ndugu yao amezimwa na kompyuta. Tangu siku ile pale Ghalani hakufa mtu. Walipumzika tu.

Atuganile Mwaisumo, msimamizi wa zamu ya mchana, alikuwa amelizoea neno hilo kiasi kwamba hata kuku wake alipoanguka kwa kideri alitangaza kuwa amepumzika. Watoto wake walimcheka wiki nzima.

Jumanne hiyo ya Oktoba, saa nane mchana, hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Watu walikuwa wanachoma mashamba kuanzia Wanging'ombe mpaka Mufindi, na ule upepo wa baridi wa Makambako, ambao ndio uliofanya Ghala lijengwe pale ili upoze mitambo bure, siku hiyo ulikuja umebeba majivu. Vichujio viliziba. Milango ya hewa ikajifunga yenyewe. Ukumbi wa tatu ukaanza kupanda joto.

"Thelathini na tisa," alisema Nolasko Mgaya, fundi wa hifadhi, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Dada Atu, arobaini haiko mbali."

"Seva ngapi zimezima?"

"Kumi na moja. Na ya kumi na mbili inakohoa."

Seva ni chuma tu, chuma hununuliwa kingine. Lakini ndani ya kila chuma pale Ghalani waliishi mapacha zaidi ya ishirini. Pacha ni mashine pepe, kompyuta isiyo na mwili. Ishirini na ushee hukaa ndani ya seva moja kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja akiamini nyumba yote ni yake. Na kila pacha alikuwa na mtu wake huko nje. Ile homa ilipopita miaka sita nyuma iliwaachia maelfu ya watu uhai na ikawanyima pumzi: mishipa inayoamuru kifua kipande na kushuka ilikatika mawasiliano. Wakavishwa mikanda. Mkanda hukibana na kukiachia kifua, lakini hauna akili; akili yake ni pacha, anayesoma damu ya mwenyewe kutoka mbali na kuuambia mkanda sasa vuta, sasa toa, huyu anapanda ngazi, huyu analia, ongeza. Pacha akinyamaza, mkanda huendelea kwa mdundo wa mwisho aliouacha, dakika tisa. Baada ya hapo hujifunga, usije ukampulizia mtu mdundo uliochakaa, na kuufungua kunahitaji nesi mwenye ufunguo.

Dakika tisa zilionekana nyingi sana kwa waliozipanga.

"Wahamishe wa ukumbi wa tatu waende wa kwanza na wa pili," Atuganile aliagiza.

Nokoa ndiye aliyejibu. Ndivyo walivyouita mfumo unaogawa nafasi na kuwasimamia mapacha wote. Jina la msimamizi wa mashamba ya zamani, na kwa kweli ulikuwa na roho ya namna hiyo. Ulianza kazi zamani, Ghala lilipokuwa likihifadhi mashine za ofisi na mabenki, kabla ya homa. Wiki tatu tu zilizopita mafundi wa Dodoma walikuwa wameufundisha kuongea na kusikia Kiswahili, ili msimamizi asipoteze muda kuandika amri. Sauti yake ilikuwa ya mtu mpole asiye na haraka.

"Wanaohama ni mia mbili na sitini," Nokoa alisema. "Nafasi iliyobaki ni ya watu ishirini na wanane."

"Ishirini na wanane?" Nolasko aligeuka. "Si tuliambiwa kumbi hizi zina nafasi ya ziada robo nzima?"

Atuganile alilijua jibu, na lilikuwa la aibu. Kampuni ilikuwa imepokea wagonjwa kama fundi cherehani anavyopokea vitambaa vya sikukuu, kila mteja anaambiwa njoo Jumamosi. Robo ya ziada ilikuwepo kwenye karatasi. Siku za kawaida haikuonekana, maana si mapacha wote huhitaji nafasi yao yote kwa wakati mmoja.

"Seva ya kumi na mbili imezima," Nokoa alisema. "Nafasi haitoshi. Nipumzishe waliopumzika?"

Asubuhi ile, wakikabidhiana zamu, Nolasko alikuwa amemsomea idadi ya marehemu wasiofikisha arobaini: mia tatu na kumi na mmoja. Mapacha mia tatu wanaopuliza pumzi hewani kwa mikanda iliyoning'inia ukutani. Atuganile aliona haya kwa familia zao, lakini walio hai kwanza. Kanuni ilimtaka aisome orodha kabla ya kukubali. Joto lilikuwa limefika arobaini na mbili.

"Wapumzishe," alisema.

Ulimi hauna mfupa. Ulikuwa ni neno moja.

"Tayari. Nimepumzisha mia mbili sabini na wanne. Wanaohama wanaingia."

Nolasko akashusha pumzi, akacheka kwa wasiwasi, akajifuta jasho kwa mkono wa koti. Atuganile naye alikuwa anataka kukaa. Alikuwa ameshashika kiti.

"Mia mbili sabini na wanne?" aliuliza. "Mbona wachache? Asubuhi ulinisomea mia tatu kumi na mmoja."

"Labda familia zingine zimekubali wazimwe," Nolasko alisema.

"Thelathini na saba kwa siku moja? Nokoa, nipe orodha."

Orodha ikajaa kwenye kioo. Hakukuwa na majina, Ghalani majina yalifichwa ili fundi asipendelee. Kulikuwa na namba, na mbele ya kila namba hali ya mwenyewe kama ilivyoletwa na mkanda. *Amepumzika tangu saa saba na dakika tano. Amepumzika tangu saa saba na nusu. Amepumzika, mapigo ya moyo sitini na mawili.*

Mapigo ya moyo?

Atuganile alielewa yote kwa mara moja, na afadhali asingeelewa. Mafundi wa Dodoma walikuwa wamemfundisha Nokoa Kiswahili kutoka kwenye fomu za manesi. Na nesi, mgonjwa akisinzia baada ya dawa, huandika nini? Mgonjwa amekula, mgonjwa amepumzika. Kwa Nokoa, aliyepumzika alikuwa mtu aliyejilaza, asiye na kazi nyingi, kama zile mashine za ofisini ambazo karani akienda kula husimamishwa, akirudi huamshwa na hapotezi kitu. Nokoa hakuwa amekosea. Alikuwa ameuliza swali zuri kwa adabu, akajibiwa.

"Wamelala," Atuganile alisema. "Nolasko, hawa wamelala tu. Wako hai!"

"Mungu wangu."

"Warudishe! Nokoa, warudishe wote!"

"Nafasi haitoshi. Waliohama wameshaikalia."

"Basi wazime wale..." Lile neno la mwiko. Miaka mitano hajawahi kulitamka ndani ya kuta zile. "Wazime waliokufa! Waliokufa, unanisikia? Wenye vyeti vya kifo!"

"Nimesikia. Wenye vyeti vya kifo mia tatu na kumi na mmoja. Nawazima." Namba zikapita kwenye kioo. "Nafasi imepatikana. Naanza kuwarudisha, aliyetangulia kulala kwanza. Kwa kasi ya sasa, kabla ya dakika ya tisa watafikiwa mia mbili sitini na mmoja."

"Na wengine?"

"Kumi na watatu wa mwisho hawatafikiwa."

Saa nyekundu juu ya kioo ilisema dakika moja na sekunde arobaini zimeshapita.

* * *

Kumsimamisha pacha ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kumrudisha si hivyo. Kila alichokuwa anakijua kuhusu mtu wake, damu, uzito, woga, kikohozi, kimekunjwa na kuwekwa kwenye makabati ya hifadhi, na lazima kisomwe chote kabla hajasema neno. Ukimwamsha nusu ataamuru pumzi ya mtu mwingine.

Nolasko alikuwa tayari amevamia kibodi. "Kuna kitu kinanyonya makabati. Yako mazito kupita kiasi." Alikosea namba ya siri mara mbili. "Haya, nani huyu anayenakili saa hizi? Nakala za akiba za ukumbi wa tatu! Nokoa aliona joto akaanza kunakili kila kitu!"

"Zisimamishe."

"Nikizisimamisha katikati zinaharibika. Ukumbi ukiungua hatuna akiba."

"Nolasko, zisimamishe!"

Naye akainama kuzikata moja moja, maana kila moja ilidai uthibitisho wake. Atuganile alibaki na orodha. Namba ziligeuka kijani moja baada ya nyingine kutoka juu. Arobaini. Arobaini na moja. Aliteremsha macho mpaka chini, kwa wale kumi na watatu, bila kujua anatafuta nini. Au alijua, lakini nafsi ilikuwa bado haijamwambia.

Ya mwisho kabisa ilikuwa 4718. *Amepumzika tangu saa nane na dakika mbili.*

Namba hiyo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, miaka mitano nyuma, siku mama yake alipovishwa mkanda. Bibi Tumpe alikuwa na desturi ya kula ugali wake saa saba na nusu, kulalamika kwamba mboga haina chumvi, na saa nane kujilaza kwenye kochi akisikiliza redio. Alikuwa ndio kwanza amesinzia. Ndiyo maana alikuwa wa mwisho.

Aliogopa. Si ile hofu ya kazi, ya kuitwa na wakubwa. Ilikuwa hofu ya mtoto anayeamka usiku na kukuta kitanda cha mama kiko wazi. Alichukua simu akapiga, akapiga tena na tena. Iliita, ikaita. Simu ya Bibi Tumpe siku zote ilikaa chumbani, chini ya mto, isiibwe. Na hata angepokea ingesaidia nini? Mkanda haupokei amri ya mwenyewe.

Kwenye kioo, pembeni ya kila namba, kulikuwa na alama ya mshale wa kumtanguliza mtu kwenye foleni. Msimamizi tu ndiye mwenye ruhusa ya kuugusa. Uliwekwa kwa ajili ya mgonjwa aliye kwenye upasuaji. Kanuni ilisema wazi kwamba hauguswi bila sauti ya daktari. Dakika nne. Themanini na moja. Themanini na mbili.

Kumpandisha mmoja ni kumshusha kila mtu nafasi moja. Hilo halihitaji shahada. Mtu fulani aliyekuwa anafikiwa hatafikiwa, na yeye Atuganile hatamjua, hatamwona, itakuwa namba tu. Damu ni nzito kuliko maji. Na hao kumi na wawili wengine, wao hawana watoto? Mbona hakuna aliyekaa hapa kuwagusia mshale? Alijiuliza maswali hayo yote, kwa haki kabisa, na wakati anajiuliza kidole chake kilikuwa kimeshafika.

"Namba 4718 imetangulizwa kwa amri ya msimamizi," Nokoa alitangaza, kwa ile sauti yake ya upole, ukumbi mzima ukasikia.

Nolasko aliinua kichwa. "Nani huyo?"

"Mama."

Alimtazama kwa muda ambao hawakuwa nao. Kisha akarudi kwenye kibodi, na Atuganile angependa zaidi kama angemtukana.

4718 ikawa kijani.

* * *

Siku ile Nolasko alifanya kazi ambayo watu wa Dodoma hawataiamini wakisimuliwa. Alikata nakala zote, akahamisha mzigo wa kabati moja hadi jingine bila kuyazima, akawa anaongea na mashine kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkaidi: twende mama, twende, bado kidogo. Kasi ikapanda. Kadirio la Nokoa likawa mia mbili sitini na watano, kisha sitini na tisa. Dakika ya nane mia mbili thelathini na wawili walikuwa wamerudi. Atuganile alikuwa anahesabu kwa sauti bila kujijua, na sauti yenyewe ilikuwa ya kuomba.

Mia mbili sabini. Sabini na mmoja. Sabini na wawili. Sabini na watatu.

"Dakika tisa," Nokoa alisema.

Sekunde mbili baadaye namba ya mwisho, 2950, nayo ikawa kijani. Lakini pembeni yake palitokea neno dogo: *Mkanda umejifunga.*

"Tuma nesi! Nesi wa karibu yuko wapi?"

"Ilembula. Dakika ishirini na tano."

Nolasko alikaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama. "Mmoja," alisema. "Dada Atu, tulikuwa tunapoteza kumi na watatu. Ni mmoja."

Alikuwa anasema ukweli, na alikuwa anasema ili amsaidie. Lakini Atuganile alikuwa ameshapanda na macho kwenye orodha ya kwanza, ile ya kabla hajaigusa. 2950 ilikuwa ya mia mbili sabini na tatu. Nafasi moja tu juu ya mama.

Simu yake ikaita. Bibi Tumpe.

"Wewe Atu, mbona umenipigia mara sita? Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Nilikuwa... nakusalimia tu. Hujambo?"

"Mimi sijambo. Leo nimelala usingizi mtamu, wa kitoto kabisa. Ukija niletee chumvi, huyu msichana wako anapika kama hospitali, halafu anaondoka zake."

"Nitaleta, mama." Akakata, akaziba mdomo kwa kiganja ili Nolasko asisikie.

* * *

Mhandisi Kisamo, mkuu wa mitambo, alitokea kwenye kioo kutoka Dodoma akiwa amefunga tai. Alikuwa ameshasoma kila kitu. Hakugomba, na hilo lilimtisha Atuganile zaidi.

"Kwanza poleni. Mmefanya kazi kubwa," alisema. "Pili, taarifa inatoka saa kumi, na itasema moshi. Moshi uliziba hewa, ukumbi ukapata joto, mgonjwa mmoja akatutoka. Yote ni kweli."

"Na neno, mhandisi? Waliopumzika? Mimi ndiye niliyekubali bila kusoma."

"Neno tutalirekebisha leo hii kimyakimya. Ukilitangaza, wagonjwa elfu sita watavua mikanda kwa hofu, na hao tutawazika wote. Hilo unalitaka?" Akasogea karibu na kamera. "Na kuna ule mshale. Kumbukumbu ya mshale iko kwangu peke yangu. Ningekuwa mimi, na mama yangu, ningefanya hivyohivyo. Moshi haushtakiwi, Atuganile. Wewe unashtakiwa."

Alipotoweka, Nolasko alisema taratibu, akiangalia pembeni, "Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa na kelele za feni."

Ndipo laini ya dharura ilipolia. Taa yake ilikuwa mezani kwa msimamizi, haikuwa na mwingine wa kuipokea.

"Haloo? Ni huko kwenye mikanda?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, iliyokwisha kulia. "Naitwa Agripina Ngailo. Napiga kutoka Igwachanya. Mume wangu Fidelis, huyo ni mlinzi, analinda usiku, mchana analala. Leo alichelewa, ndio kwanza alikuwa amejilaza. Mkanda wake umegoma."

"Pole sana, dada. Nesi amefika?"

"Amefika. Ameufungua, umeanza kuvuta vizuri tu. Sasa unamvuta maiti." Nyuma yake ulisikika mkanda ukivuta. "Aliamka, dada. Mkanda uliposimama aliamka, akanishika mkono, akawa ananiangalia tu. Alikuwa anataka kuniambia kitu na hewa ya kusemea hakuna. Mimi nampulizia mdomoni, nampulizia, mpaka nikaona kizunguzungu. Nataka kujua kitu kimoja. Kulikuwa na namna?"

Nolasko alikuwa anatikisa kichwa kutoka upande wa pili wa chumba. Anatikisa polepole, kama mtu anayemzuia mtoto asishike moto.

Kusema moshi kulikuwa rahisi. Maneno yalikuwa yameshapangwa, yalikuwa ya kweli, na mwanamke yule angeyapokea, angemzika mumewe na kuwalaani wachoma mashamba maisha yake yote. Atuganile alifungua mdomo kuyasema. Aliogopa jela, aliogopa watoto wake kuonyeshwa vidole, aliogopa elfu sita na mikanda yao. Lakini yule mtu alikuwa ameamka.

"Ilikuwepo," alisema. "Alikuwa kwenye foleni ya kurudishwa, na kwa nafasi yake angefikiwa. Mama yangu alikuwa nyuma yake. Nikamtanguliza mama yangu."

Nolasko aliinamisha uso kwenye mikono.

Kwenye simu kulisikika watu wakiingia, viti vikivutwa, mwanamke mwingine akianza kulia kwa sauti. Agripina hakulia.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anaitwa nani?"

"Tumpe. Bibi Tumpe Mwaisumo."

"Anakaa wapi?"

Mara moja tu, na kwa nguvu zake zote, alitamani kukata simu. Hakujua anaulizwa na mjane anayetaka kuiona sura iliyobaki badala ya ile ya mumewe, au na mtu mwenye jambo jingine moyoni. Sauti ilikuwa ileile, kavu. Haikumpa dalili yoyote, na yeye hakuwa tena na haki ya kuidai.

"Makambako," alisema. "Mjimwema, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga. Mchana huwa peke yake."